Talaka Huvuka Mpaka, Nyumba Haivuki: Istilahi za Mgawanyo wa Mali ya Wanandoa

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia kundi dogo la istilahi ambazo wafasiri wamezoea kuzitumia kana kwamba zote ni neno moja. Ni istilahi zinazojitokeza pale ndoa inapovunjwa katika nchi moja, ilhali mali ya waliokuwa mume na mke imetawanyika katika nchi mbili au tatu. Zamani hati za namna hii zilipita zaidi mikononi mwa mawakili, waliozisoma kwa Kiingereza na kuzijibu kwa Kiingereza. Hali hiyo imebadilika. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa upande mwingine, wasemaji wa Kiswahili wanaofanya kazi na kujenga nyumba nje ya nchi zao ni wengi: wapo Muscat, wapo London, wapo Toronto. Wengine wana kiwanja Kibaha na akaunti ya benki Leicester. Ndoa ya watu hao ikivunjika, karatasi zao hazina budi kupita kwa mfasiri.

Tuchukue sentensi moja tu, ya aina ambayo kila mfasiri amekwisha kuiandika: "Mahakama ilitoa talaka na kugawa mali ya ndoa nusu kwa nusu." Kwa msomaji wa kawaida sentensi hiyo haina kasoro. Kwa hakimu, kwa msajili wa hati za ardhi, au kwa karani wa ubalozi, ina mashimo manne. Haisemi ni talaka ya namna gani. Haisemi mahakama ilipata wapi uwezo juu ya watu wale. Haisemi mali ya ndoa ni ipi. Tena haisemi iwapo mali hiyo iligawanywa kweli, au ni mtu mmoja aliyeamriwa kumlipa mwenzake. Mashimo haya hayakutokana na upungufu wa Kiswahili, maana lugha yetu, kama tutakavyoona, ina maneno ya kutosha kuyaziba.

Jambo la kwanza ambalo mfasiri anapaswa kulishika ni kwamba talaka ni kitu kimoja na mgawanyo wa mali ni kitu kingine, hata kama vyote viwili vimeandikwa katika karatasi moja na kupigwa muhuri mmoja. Talaka inahusu hali ya mtu, yaani kama ana ndoa au hana. Mgawanyo unahusu vitu. Hali ya mtu husafiri naye. Vitu hubaki vilipo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 91, inaeleza kwamba amri ya mahakama ya nchi ya nje katika shauri la ndoa itatambuliwa, miongoni mwa sababu nyingine, ikiwa mmoja wa wanandoa alikuwa na makao yake ya kisheria katika nchi ile, au alikuwa mkazi wa kawaida huko kwa muda usiopungua miaka miwili kabla ya shauri kufunguliwa. Amri hiyo ikishatambuliwa, aliyeachika Birmingham ameachika pia Dar es Salaam, na anaweza kuoa au kuolewa tena. Lakini nyumba ya Tabata bado imeandikwa jina lilelile, na hakuna dalali wa mahakama atakayeigusa kwa sababu tu hakimu wa Birmingham ameitaja.

Hapa ndipo tunapohitaji vitenzi viwili tofauti. Kwa tendo la kwanza tunapendekeza kutambua: mahakama ya hapa inakubali kwamba amri ya huko ipo na ina nguvu. Kwa tendo la pili mahakama zetu zina neno lao la siku nyingi, nalo ni kukazia hukumu: mahakama inatumia nguvu ya dola ili jambo lililoamriwa litendeke, mali ikamatwe, fedha zikatwe, mtu aondolewe katika nyumba. Wafasiri wengi huandika "kutekeleza" kwa yote mawili, na wapo hata wanaoandika "kukubali". Tunashauri kutekeleza liachiwe yule aliyeamriwa, maana yeye ndiye atekelezaye amri, na mahakama ndiyo ikaziayo pale asipotekeleza. Hukumu inaweza kutambuliwa bila kukaziwa. Haiwezi kukaziwa bila kwanza kutambuliwa.

Kwa nini nyumba haivuki? Katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza, kanuni yenyewe ina mizizi, kwa ajabu ya historia, katika ardhi ya jirani zetu. Mwaka 1893 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua shauri kati ya kampuni ya Kireno ya Msumbiji na Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini, ile iliyoasisiwa na Cecil Rhodes. Kampuni ya Kireno ililalamika kwamba ardhi na migodi yake huku Afrika vilivamiwa. Malodi wakasema kwamba mahakama za Uingereza hazina uwezo wa kuamua nani mwenye ardhi iliyo nje ya Uingereza. Hadi leo kanuni hiyo huitwa na wanasheria kwa jina la Msumbiji, na watu wengi wanaogombania nyumba baada ya talaka hawajui kwamba wanakabiliana na ugomvi wa makampuni ya kikoloni.

Hata hivyo mahakama haikufungwa mikono kabisa. Ikiwa mume yuko London mbele ya hakimu, hakimu anaweza kumwamuru yeye, kwa nafsi yake, aende kuhamisha hati ya nyumba iliyo Mombasa, na akikaidi aadhibiwe kwa kuidharau mahakama. Msajili wa ardhi wa Mombasa hakuamriwa lolote. Aliyeamriwa ni mtu. Kwa hiyo tunapendekeza tusitosheke na neno "amri" peke yake. Tuseme amri inayomfunga mtu na amri inayoishika mali. Maneno hayo ni marefu kidogo kuliko yale ya Kilatini wanayoyatumia mawakili, lakini mwananchi akiyasikia anajua mara moja mzigo uko begani mwa nani. Mfasiri aliyeandika "mahakama ilimpa mke nyumba ya Mombasa", pale hukumu iliposema "mume ahamishe", amempa yule mama tumaini ambalo msajili atalivunja.

Kuna kikwazo kingine kuhusu ardhi ambacho ni cha kwetu wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamwekea asiye raia mpaka wa ukodishaji usiozidi miaka 99. Mke au mume mgeni aliyeandikiwa nyumba na mahakama ya kwao anaweza kuwa na haki ya thamani ya nyumba bila kuwa na haki ya nyumba yenyewe. Ndiyo maana mahakama nyingi za nje hupendelea kumwachia mmoja mali ya Afrika na kumwongezea mwenzake katika mali iliyo karibu. Jambo hili huelezwa vema kwa neno la kawaida kabisa, kufidiana. Ripoti ya uthamini ikisema kwamba nyumba ya Arusha "imehesabiwa" katika fungu la mume, mfasiri asiandike "amepewa".

Wamarekani wana istilahi inayoonyesha utengano huu kwa uwazi kuliko sisi sote. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la mke wa New York aliyekuwa ameamriwa na mahakama ya jimbo lake alipwe matunzo ya dola 180 kwa mwezi baada ya kutengana na mumewe. Mume akaenda Nevada, akapata talaka huko bila mke kufika mahakamani, akaacha kulipa. Mahakama Kuu ikaamua kwamba talaka ya Nevada ni halali na ndoa imekwisha, lakini Nevada haikuwa na uwezo juu ya yule mke hata iweze kumfutia haki yake ya matunzo. Kanuni hiyo inaitwa, tukiifasiri kwa uaminifu, talaka igawanyikayo. Msomaji asije akadhani kwamba kinachogawanyika hapo ni mali. Kinachogawanyika ni talaka yenyewe: upande mmoja hali ya ndoa, upande wa pili fedha. Maneno "talaka ya mgawanyo" yangepotosha kabisa.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 1984 kuhusu mashauri ya ndoa na familia, katika sehemu ya tatu, inamruhusu mtu aliyeachika nchi ya nje kuomba Uingereza kile tunachopendekeza kiitwe nafuu ya kifedha baada ya talaka ya nje. Neno nafuu limo tayari katika hati za madai za mahakama zetu, wala hatuoni sababu ya kuunda jingine. Kwanza mwombaji apate ruhusa ya mahakama. Tena awe na uhusiano wa kweli na Uingereza, yeye au mwenzake: makao ya kisheria, au makazi ya kawaida ya mwaka mzima, au nyumba iliyokuwa ya familia. Aliyekwisha kuolewa au kuoa tena hana nafasi.

Shauri linalojulikana zaidi chini ya sheria hiyo liliamuliwa na Mahakama Kuu ya Uingereza mwezi Machi 2010, nalo lilihusu wanandoa kutoka Nigeria waliokuwa pia raia wa Uingereza. Waliishi sehemu kubwa ya ndoa yao Nigeria. Ndoa ilipoharibika mke akaja kukaa London, na mume akapata talaka Nigeria. Mahakama ya Nigeria ilimpa mke fedha zipatazo pauni 21,000 pamoja na haki ya kutumia nyumba moja ya Lagos maishani mwake. Baadaye mahakama ya London ikamwongezea pauni 275,000 kutokana na nyumba iliyoko London, kwa sharti kwamba aiache ile haki ya Lagos. Mahakama ya rufaa ikafuta amri hiyo, na Mahakama Kuu ikairudisha. Ilisema kwamba kazi ya sheria ile si kuirekebisha hukumu ya nchi nyingine kwa kuwa tu Uingereza ingetoa zaidi. Ni kupunguza madhara pale ambapo mtu mwenye uhusiano na Uingereza ameachwa bila kitu, au na kitu kisichotosha.

Tunawaomba wafasiri waitazame tena ile haki ya Lagos. Haki ya kuitumia nyumba maishani haiuziki kama nyumba, wala hairithiwi na watoto. Mwenye haki akifa, imekwisha. Kama hukumu ya Lagos ingefasiriwa "mke alipewa nyumba", hakimu wa London angesoma kwamba mama yule ana nyumba yake, na pengine asingeona haja ya kumsikiliza. Maneno matatu yangegeuza hesabu nzima. Mfano huu tunauona bora kuliko onyo lolote tunaloweza kuliandika.

Sasa tuje kwenye neno talaka lenyewe. Katika Kiswahili neno hili limebeba mambo mawili tangu zamani. Kuna talaka itamkwayo au iandikwayo na mume kwa sheria ya Kiislamu, ambayo huhesabiwa moja, mbili, tatu. Kuna pia talaka itolewayo na mahakama, ambayo sheria za Tanzania huizungumzia kama amri ya kuvunja ndoa. Katika mazungumzo ya nyumbani tofauti hiyo haina haja ya kutajwa. Mpakani ina haja kubwa. Ile sheria ya Uingereza ya 1984 inataka talaka ya nje iwe imepatikana kwa njia ya shauri, la mahakama au la chombo kingine. Talaka iliyotamkwa tu, bila kufika mbele ya kadhi wala ofisi yoyote, haiingii katika mlango huo. Basi mfasiri wa cheti cha talaka kutoka Oman au Unguja aangalie kila muhuri, kila tarehe ya usajili, na jina la kila ofisi, na avifasiri vyote. Si kazi yake kuongeza shauri lisilokuwepo, na si haki yake kuacha muhuri uliopo kwa kuwa maandishi yake yamefifia.

Aidha, katika hati kama hizo hutokea mahari iliyocheleweshwa, matunzo ya eda, na mutaa, yaani kiliwazo apewacho mke aliyeachwa. Yote matatu si mgawanyo wa mali. Katika sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake na ya mume ni yake, na talaka haiichanganyi. Anayeandika "fungu la mke" pale penye mutaa amemfanya mke aonekane kama mtu aliyekwisha kupata sehemu yake. Hapa tukumbushane kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar, kwa hiyo tofauti hizi za kisheria zimo ndani ya Jamhuri moja, wala hazisubiri pasipoti.

Kuhusu makao kuna mabishano kidogo. Dhana inayotafutwa ni ile nchi ambayo sheria inamhesabu mtu kuwa ndiyo ya kwao, hata kama analala kwingine. Mtu wa Moshi aliyefanya kazi Muscat miaka 15, akinuia kurudi, ana makazi Muscat na bado makao yake ya kisheria ni Tanzania. Wapo waliopendekeza maskani. Ni neno zuri, lakini mitaani siku hizi maskani ni mahali pa vijana kukutana na kupiga soga, na mahakama haipendi istilahi inayochekesha. Tunashauri makao ya kisheria kwa dhana ya kwanza, na makazi ya kawaida kwa mahali mtu anapoishi hasa. Neno "anwani" lisitumike kwa lolote kati ya hayo.

Limebaki shimo la mali. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawanya mali waliyoichuma wanandoa wakati wa ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Mwaka 1983, katika Rufaa ya Madai Na. 9 ya mwaka huo, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa katika juhudi hizo, ingawa mrufani mwenyewe hakupata alichoomba. Sheria ya Kenya ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 nayo inataja wazi kwamba mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kuwa mwandani wa mwenzako, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaeleza kwamba usawa wa wanandoa hauna maana ya nusu kwa nusu papo hapo. Kila mmoja aonyeshe mchango wake.

Tatizo letu ni kwamba mchango, kwa masikio ya Mswahili, ni fedha. Tunachangia harusi, tunachangia msiba, na daftari huzunguka na majina na tarakimu. Shahidi akiulizwa mahakamani, "Mchango wako katika nyumba hii ulikuwa nini?", atajibu kwamba hakutoa kitu, kumbe alipika miaka ishirini. Hatupendekezi kuliacha neno hilo, kwani limekwisha kuota mizizi katika sheria. Tunapendekeza wakalimani wa mahakama waulize kwa kutamka lote: mchango wa fedha au wa kazi. Na hukumu ya Kiingereza ikitumia neno hilo, tafsiri ifanye vivyo hivyo pale mahali pa kwanza linapotokea.

Vilevile "mali ya ndoa" si sawa na mali iliyochumwa pamoja. Katika nchi nyingine mali huchanganywa kwa ndoa yenyewe, pasipo kuulizwa nani alichuma. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 inawapa wanandoa taratibu tatu wachague: kila mmoja na mali yake, ushirika wa mali yote, au ushirika wa vile tu walivyovichuma baada ya kuoana, na huu wa mwisho ndio unaowapata wasiochagua. Kwa taratibu hizi tunapendekeza utengano wa mali, ushirika wa mali yote, na ushirika wa machumo. Neno machumo lipo, ni la Kiswahili safi, na linasema hasa kile ambacho Kifaransa kinakisema. Mfasiri wa cheti cha ndoa cha Lubumbashi akikuta mstari unaotaja utaratibu huo, asiuruke kwa kudhani ni maneno ya kujaza fomu. Mstari huo mmoja unaweza kuwa na uzito kuliko ushahidi wa mashahidi kumi.

Kugawa, kugawanya na kugawana tusivichanganye. Wenyewe wakikubaliana, wamegawana, na matokeo ni mgawano. Mahakama ikiamua, imegawanya, na matokeo ni mgawanyo. Tofauti hii ya viambishi ni ya bure kabisa, na mahakama ya nje itataka kuijua, kwa kuwa makubaliano na amri hupingwa kwa njia mbalimbali. Kugawa peke yake kuachiwe mirathi na sadaka.

Mwisho, neno kwa wale wanaofasiri hati za talaka za Uingereza. Tangu Aprili 6, 2022 majina ya hati hizo katika mashauri mapya yamebadilika. Ya kwanza sasa ni amri ya masharti, na ya pili ni amri ya mwisho. Ndoa haivunjiki kwa ile ya kwanza. Hati za kabla ya tarehe hiyo zina majina ya zamani, ya Kilatini na Kiingereza mchanganyiko, nazo zifasiriwe kwa istilahi hizihizi mbili, tarehe yake ikiandikwa kwa ukamilifu, siku, mwezi na mwaka.